Tusimtuhumu fundi kabla ya kuzikagua nyaya

Imekuwa ni desturi yetu sisi watu wa mwambao kwamba chombo kikituharibikia, mtu wa kwanza kutajwa barazani ni fundi. Redio ikikoroma, ni fundi. Feni isipozunguka, ni fundi. Cherehani ikikata uzi, ni yule fundi aliyeitazama mwaka juzi. Ni wachache mno miongoni mwetu wanaojiuliza kwanza: je, mkono wangu mwenyewe umefanya nini? Leo namwomba msomaji anivumilie nieleze jambo lililonifika kwa ajili ya gitaa moja la umeme. Lilinitia aibu, na aibu ya mtu mmoja huweza kuwafaa wengi iwapo mwenyewe atakubali kuisimulia.

Najua wapo wasomaji wa ukurasa huu wasiopenda vinanda, na wana hoja zao za dini juu ya jambo hilo. Sikukaa kuandika ili nibishane nao. Ninaloliandika lahusu kazi ya mkono na heshima ya mtu, na mambo hayo mawili yatuhusu sote, apendaye muziki na asiyeupenda.

Wala gitaa la umeme si kitu kigeni kwetu. Bendi ya Them Mushrooms ilianzishwa papa hapa Mombasa mwaka 1972. Hata katika taarab, ambako wengi hudhani mna udi na fidla peke yake, umeme uliingia zamani. Tashkota, ile ala ya Kijapani yenye vitufe kama vya taipu, ilibuniwa mjini Nagoya mwaka 1912. Ilipofika Mombasa iliunganishwa na amplifaya, na mlio wake ndio uliozipamba nyimbo za Bi Zuhura Swaleh. Kwa hivyo mengi nitakayoyataja juu ya gitaa yamhusu pia mpiga tashkota.

PIKAPU NI NINI

Niseme mapema kwamba pikapu ninayoizungumzia si lile gari la kubebea mchanga na machungwa. Ni kijisanduku kinachokaa chini ya nyuzi za gitaa. Ndani yake mna sumaku, na sumaku hiyo imezungushiwa waya wa shaba mwembamba kama unywele, maelfu ya mizunguko. Uzi wa gitaa ni wa chuma. Ukipigwa hutikisika juu ya sumaku, na mtikisiko huo huzalisha umeme mdogo sana katika ule waya. Umeme huo hupita kwenye swichi, ukaenda kwa voliumu na toni, ukatokea kwenye tundu la jeki, kisha ukafuata kebo hadi kwa amplifaya. Huko ndiko unakokuzwa hata watu wa mtaa wa pili wakajua kuna harusi.

Fikira hii si ya jana. George Beauchamp aliijaribu huko Marekani mwanzoni mwa miaka ya 1930, na gitaa la kwanza la Rickenbacker la namna hiyo lilianza kuuzwa mwaka 1932. Mwaka 1951 kampuni ya Fender ikawa na gitaa liitwalo Telecaster, gitaa la ubao mtupu lisilo na tumbo, ambalo tangu hapo limeigizwa na viwanda vingi duniani. Gitaa lililonitia aibu ni mojawapo ya hayo yaliyoigizwa.

Lilikuwa la marehemu kaka yangu. Alipofariki lilibaki kwa mwanawe, kijana ambaye hulipiga katika harusi za hapa kisiwani na za pwani ya kusini, akapata chake kidogo cha kumsaidia mama yake. Lina pikapu mbili, moja mbele karibu na shingo na nyingine nyuma karibu na daraja la nyuzi. Lina voliumu moja, toni moja, na swichi ya njia tatu. Swichi ikielekezwa nyuma yasikika pikapu ya nyuma; ikielekezwa mbele, ya mbele; ikikaa katikati zasikika zote mbili pamoja. Kijana hupenda swichi ikae katikati, kwa sababu baba yake alikuwa akipenda hivyo.

Basi pikapu ya nyuma ikanyamaza. Fundi mmoja wa hapa mjini, mzee ambaye sitamtaja jina kwa kuwa nimeshalitaja kupita kiasi, alituagizia mpya kutoka nje. Ilipowasili alituambia, "Nileteeni gitaa nitie mwenyewe, na msilipie kazi mpaka mridhike." Mimi nikaona hizo ni pesa za bure. Si kuunganisha nyaya mbili tu? Nami ujanani niliwahi kushika chuma cha kulehemu. Nikamwambia, "Ahsante mzee, hiyo naiweza."

KOSA LA KWANZA

Usiku wa Alhamisi nikalifungua gitaa. Harusi ilikuwa Jumamosi. Nikazikata nyaya za pikapu ya zamani bila ya kuchora wapi kila waya ulikuwa umeshikamana, na bila ya kupiga picha, hali simu ya picha ilikuwa mfukoni mwangu. Pikapu mpya ilikuwa na nyaya mbili, mweupe na mweusi. Mweupe nikautia kwenye swichi, mweusi nikaulehemu nyuma ya voliumu, mahali ambapo nyaya zote za ardhi, au atha kama waitavyo mafundi wetu, hukutania.

Tukawasha amplifaya. Pikapu ya nyuma, safi. Ya mbele, safi kama ilivyokuwa. Lakini kijana alipoiweka swichi katikati, sauti ikawa nyembamba na dhaifu, mlio mzito umetoweka, kama mtu asemaye huku amebanwa pua. Akaniambia, "Ami, katikati hapasemi vizuri." Nikaleta mita, nikapima. Pikapu ya nyuma ilisoma omu 7,200, ya mbele omu 7,400, na zote pamoja omu 3,600 na kitu. Omu ni kipimo cha jinsi waya unavyouzuia umeme, na pikapu mbili zikiunganishwa bega kwa bega kipimo huteremka hadi karibu nusu. Kwa mujibu wa mita hapakuwa na kosa lolote.

Nikakumbuka nimesikia kwamba dawa ya sauti kama hiyo ni kubadilishana nyaya: mweusi uende mahali pa mweupe na mweupe mahali pa mweusi. Nikafanya hivyo. Sauti ya katikati ikajaa kweli kweli. Lakini sasa kijana akigusa nyuzi tu, amplifaya yanguruma kama lori lipandalo mlima. Akiondoa mkono, yatulia kidogo. Akigusa, yanguruma tena. Ilikuwa imeshapita saa sita za usiku. Nikakizima chuma, nikatoa hukumu: pikapu hii ni bandia.

Kama ningaliishia hapo, nikalala, pasingalikuwa na makala haya. Lakini asubuhi nilikwenda barazani nikasema kwamba mzee ametuuzia mali ya bandia. Sikusema "nadhani". Nilisema kama mtu aliyeona kwa macho. Ijumaa baada ya sala mtu mmoja alinijia kuniuliza kama ni kweli, kwani alikuwa ampelekee mzee amplifaya yake. Nikamwambia ni kweli. Akaghairi. Kwa maneno manne ya mdomo nilikuwa nimekwisha kumnyima mwanamume mwenye nyumba yake riziki ya wiki nzima, na nilikuwa bado sijaipindua pikapu kuitazama upande wa chini.

MZEE AFIKA BARAZANI

Usiku ule, baada ya Isha, mzee alifika mwenyewe na kikapu chake cha vyombo. Alitoa salamu, akaketi. Hakupaza sauti. Akasema, "Mwanangu, nimeambiwa nimewauzia mali mbovu. Ikiwa ni kweli, nitawarudishia pesa zenu hapa hapa mbele ya watu. Lakini kwanza nataka kuiona."

Gitaa likaletwa. Akaniuliza nilifanya nini tangu mwanzo, hatua moja baada ya nyingine, wala hakunikatiza. Kisha akazitoa nyaya za pikapu ya nyuma, akazishika kama nilivyozitia mara ya kwanza, mweupe wa moto na mweusi wa atha, akaunganisha mita yake. Ilikuwa mita ya zamani, yenye mshale. Akalaza bisibisi ya chuma juu ya vichwa vya sumaku, kisha akaing'oa kwa ghafula. Mshale ukaruka kulia. Akafanya vivyo hivyo kwa pikapu ya mbele. Mshale ukaruka kushoto. Akanitazama, akasema, "Basi hizi mbili zapingana. Haina bandia wala asili hapa."

Maana yake ni hii. Pikapu ya mbele na ya nyuma zilitoka kwa watengenezaji wawili, na kila mmoja ameuzungusha waya na kuielekeza sumaku kwa desturi yake. Uzi ukitikisika, moja yasukuma umeme wakati ule ule ambapo nyingine yavuta. Ni kama wapiga kasia wawili katika mtumbwi mmoja, huyu apiga kwenda mbele na yule arudisha nyuma: kila mmoja peke yake ana nguvu zake, lakini wakiwa pamoja mtumbwi hauendi. Sauti nzito, ambazo pikapu zote mbili huzipata karibu sawasawa, huuana. Zilizobaki ni zile nyembamba. Na mita haiwezi kulionyesha jambo hilo kwa kupima omu peke yake, kwani waya huuzuia umeme kiasi kile kile uendako na utokako. Mita yangu ilisema kweli, ila mimi niliiuliza swali lisilohusika.

Basi kubadilishana nyaya kulikuwa ni dawa ya haki. Mbona basi gitaa likanguruma? Mzee akaipindua pikapu. Chini yake mlikuwa na kibati cha chuma, na kutoka kwenye kibati hicho kijiwaya kifupi, urefu wa ukucha, kilicholehemiwa kwenye mguu wa waya mweusi. "Na hiki," akaniuliza, "ulikiona?"

Sikukiona. Na hicho ndicho kilichokuwa kiini cha mambo yote. Katika gitaa la namna ya Telecaster, kibati hicho hugusana na skrubu zinazoishikilia pikapu, skrubu hugusana na daraja la chuma, na daraja hugusana na nyuzi. Kwa njia hiyo nyuzi zote huunganishwa na atha, na ndiyo sababu mvumo hupungua mpigaji akizishika. Nilipoufanya waya mweusi kuwa wa moto, kibati kilikuwa moto pamoja nao, na daraja, na nyuzi, na mkono wa kijana. Gitaa zima nililigeuza kuwa erio ya kunasa kila mvumo wa umeme uliomo nyumbani.

Mzee alikikata kile kijiwaya. Akalehemu waya mwingine mpya kutoka kwenye kibati hadi nyuma ya voliumu, ili kibati na nyuzi ziwe na atha yao peke yao. Kisha akazibadilisha nyaya mbili za pikapu kama nilivyofanya mimi. Akamkabidhi kijana gitaa. Kijana akaiweka swichi katikati, akapiga, akanyamaza, akapiga tena. Ilikuwa ni sauti ya baba yake. Kazi yote haikuchukua nusu saa.

MTU AFUATE UTARATIBU

Nimeyatafakari mambo haya tangu siku ile, na maoni yangu ni kwamba pikapu mpya isipoimba, mara nyingi mno kosa haliko katika pikapu. Liko katika maungio, nalo hupatikana kwa utaratibu, si kwa hasira. Utaratibu wenyewe ni rahisi, na mtu yeyote mwenye mita ya bei nafuu aweza kuufuata.

Aanze nje ya gitaa. Ajaribu kebo nyingine na gitaa jingine katika amplifaya ile ile. Ni aibu kulifungua gitaa saa mbili na ugonjwa uwe katika kebo.

Pili, atie kebo ndani ya gitaa, afungue voliumu yote, kisha apime katika ncha ya pili ya kebo, baina ya kichwa cha jeki na shina lake. Hapo ataisoma pikapu bila ya kufungua skrubu hata moja. Akisoma omu elfu 7 au 8 kwa pikapu ya kawaida, njia ni nzima. Akisoma sifuri, waya wa moto umegusa atha mahali. Mita isiposoma pikapu kabisa, ama waya umekatika ama lehemu haikushika. Na ikiwa ni pikapu ya koili mbili, ile aliyoibuni Seth Lover wa kampuni ya Gibson mwaka 1955 ili kuua mvumo, akasoma nusu tu ya kipimo kilichoandikwa na mtengenezaji, basi koili moja inalala.

Tatu, asikilize tabia ya mvumo. Ukipungua ukigusa nyuzi, hiyo ni kawaida. Usipobadilika ukigusa nyuzi lakini ukapungua ukigusa chuma cha jeki, waya wa atha uendao kwenye daraja umeachwa. Ukizidi ukigusa nyuzi, moto na atha zimebadilishana mahali, pengine kwenye jeki yenyewe. Na gitaa likisema vizuri likiwa wazi, kisha likanyamaza ukilifunga kifuniko, usihangaike na pikapu. Tafuta mguu wa jeki au wa swichi unaogusa ubati ukifungwa.

Nne, atazame lehemu zake. Lehemu ya risasi na bati iliyoshika vizuri hung'aa na kutandaa; iliyopoa kabla ya kushika hufifia na kufanya donge kama tone la nta. Dawa yake ni kukipasha moto chuma chenyewe, si kuidondoshea lehemu juu yake. Mgongo wa voliumu ni mnene na hunywa moto mwingi, hivyo wataka chuma chenye nguvu na mkono wa haraka, kwani ukikawia waunguza vilivyomo ndani.

Mwisho ndipo apime kama pikapu zake mbili zaelekea upande mmoja, kwa bisibisi na mshale kama nilivyoeleza.

Jambo la rangi ndilo lililowapoteza wengi. Fundi wa umeme wa nyumba amezoea kwamba katika nyumba za zamani mwekundu ni wa moto na mweusi ni wa kurudishia, na katika kebo za siku hizi moto ni kahawia. Katika pikapu za koili mbili hakuna sheria kama hiyo. Pikapu ya Seymour Duncan yenye nyaya nne, mweusi ndio wa moto, mwekundu na mweupe hufungwa pamoja, na kijani huenda kwa atha pamoja na ule usiovikwa. Ya DiMarzio, mwekundu ndio wa moto, mweusi na mweupe hufungwa pamoja, na kijani na usiovikwa huenda kwa atha. Mtu akiiunganisha pikapu ya kampuni moja kwa karatasi ya nyingine, kisha akasema imeharibika, kosa ni la nani?

MVUMO WAWEZA KUUA

Umeme wa ndani ya gitaa lenyewe haudhuru. Kwa kawaida haufiki hata volti moja. Lakini nimeona kwa macho yangu, katika harusi zetu za barabarani, amplifaya ikivuma na watu wakaikata atha ya plagi ili inyamaze, au wakatumia kebo ndefu ya nyaya mbili tu isiyo na atha kabisa. Hili si la kufanyiwa mzaha. Nyuzi za gitaa zimeunganishwa na bati la amplifaya. Amplifaya ikiharibika ndani na haina atha, volti 240 zaweza kumfikia mpigaji kupitia vidole vyake, na mdomo wake uko kwenye maikrofoni. Mwaka 1972 Les Harvey, mpiga gitaa wa bendi ya Stone the Crows, alikufa jukwaani huko Swansea, nchini Wales, baada ya kugusa maikrofoni isiyokuwa na atha. Mvumo ni kama homa, waonyesha tu kwamba pana ugonjwa. Ukiuzima kwa kukata atha umeuacha ugonjwa na umemwondoa mlinzi.

NINALOLIOMBA

Kwa wapigaji nasema: kabla ya kukata waya wowote, chora. Asiyejua kuchora na apige picha. Badilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja, ujaribu, kisha ndipo uende kwa cha pili. Na ukimpa fundi pesa za pikapu, usimnyime ujira wa kuitia, kwani ujira huo ndio bei ya kile kijiwaya ambacho wewe hukukiona.

Kwa mafundi nasema: wapo kati yenu wanaoficha kazi kama kunga ya uganga, na hiyo ndiyo inayozaa shuku. Mteja asiyeelezwa kitu hudhani anaibiwa. Mzee yule, alipomaliza, alichora njia ya kila waya kwenye kipande cha karatasi, akaandika rangi na tarehe, akakikunja akakitia ndani ya gitaa chini ya kifuniko. Hakuna fundi atakayelifungua tena akapotea. Kila fundi angalifanya hivyo, nusu ya ugomvi wa mitaani ungalikwisha.

Na kwetu sisi wa barazani nasema: jina la mtu ni rasilmali yake. Pikapu ikiungua hununuliwa nyingine. Fundi aliyeitwa mdanganyifu kati ya Alhamisi na Ijumaa hawezi kwenda dukani akanunua jina jipya Jumamosi. Ukimtuhumu mtu bila ya kupima, hata ukija kumtaka radhi, hujui maneno yako yalifika kwa nani na nani.

Mimi nilimtaka radhi usiku ule ule mbele ya wale wale waliokuwa wamenisikia, na yule mwenye amplifaya nilimfuata hadi nyumbani kwake nikamweleza kwamba nilisema uongo. Aliipeleka. Lakini wapo niliowafikishia habari ile ambao sikuwapata, na wapo walioipokea kutoka kwao ambao siwajui. Huenda baadhi yao husoma ukurasa huu. Basi wao ndio ninaowaandikia: pikapu ile ilikuwa nzima, mzee ni mkweli, na kosa lilikuwa langu.